Sadaka ya paa iko kwenye simu ya mchungaji, na mhazini ni mimi

Bwana Yesu asifiwe, na shikamooni wahariri.

Mimi ni mhazini wa kanisa dogo pwani ya mashariki ya Unguja. Tuko waumini sitini hivi: wafanyakazi wa hoteli, walimu wachache wa skuli, na akina mama wanaouza vyakula. Upepo wa kusi uling'oa bati za upande mmoja, tukaamua kuezeka upya kanisa zima. Fundi alitukadiria shilingi 4,800,000.

Michango mingi inatumwa kwenye simu ya baba mchungaji, kwa kuwa namba yake ndiyo inayojulikana, hata kwa waliohamia Dar es Salaam na Arusha. Sadaka ya Jumapili inahesabiwa ofisini kwake, yeye na mama mchungaji, kisha mimi napewa karatasi yenye jumla niandike. Kwa daftari langu, ya paa imeingia 3,650,000. Ninavyoviona kwa macho ni mabati 40 ya shilingi 34,000 kila moja, mbao za 620,000, na fundi amepewa 300,000 ya kuanzia. Jumla 2,280,000. Mabati mengine 20 tuliyakopa duka la vifaa vya ujenzi la jirani yetu, Mwislamu, mtu mwema sana, na huu ni mwezi wa nne hajalipwa. Juzi alinisimamisha njiani, akanisalimia, akauliza hali ya watoto, ndipo akasema, "Na ile ya kanisa, vipi?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilipomuuliza mchungaji aliniambia, "Mhazini, wewe andika tu, mimi na Mungu tunajua." Si mtu mbaya. Mama yangu alipolazwa mjini, alipanda daladala mara tatu wiki moja kwenda kumwombea. Sasa mzee mmoja wa kanisa anataka tujitoe tuanze ibada nyumbani kwake, na mke wangu ananiambia nirudishe daftari nipumzike. Je, kumuuliza mtumishi wa Mungu habari ya fedha ni kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana? Nifanye nini?

Mhazini, Kusini Unguja

---

Ameni, ndugu mhazini, na marahaba.

Tuanze na hilo la mpakwa mafuta, maana ndilo linalokufunga mdomo. Zaburi 105:15, inayotajwa sana katika mambo haya, inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni katika nchi za watu, wafalme wasiwadhuru. Haihusu daftari la mapato. Daudi naye, aliyekataa katakata kumnyoshea Sauli mkono kule pangoni, hakukataa kumuuliza. Isome 1 Samweli 24 polepole. Alitoka pangoni, akainama kifudifudi, akamwita "bwana wangu mfalme" na "baba yangu", kisha akamwonyesha upindo wa vazi aliokuwa ameukata. Heshima yote ipo, na kitambaa kipo mkononi. Daftari lako ndicho hicho kitambaa. Nenda nalo, na uiname kwanza.

Sasa hesabu yenyewe. Ukitoa 2,280,000 katika 3,650,000 inabaki 1,370,000. Deni la dukani, mabati 20 kwa bei ile ile, ni 680,000. Fedha ingekuwepo, jirani angelipwa siku moja na bado mngebaki na 690,000 mkononi. Kwa hiyo ama fedha haipo, ama ipo na mwenye simu mwenyewe hajui imebaki kiasi gani. Hilo la pili hutokea zaidi ya watu wanavyodhani. Laini moja inapokea mchango wa paa, zaka, ada ya mtoto iliyotumwa na shemeji na pesa ya kuku aliouza mama mchungaji. Kila kutoa kuna makato. Na kama siku moja alichukua mkopo wa simu anunue umeme, mkopo ule hujikata wenyewe pesa yoyote ikiingia: muumini wa Arusha anatuma 50,000 ya bati, inamezwa na deni la umeme kabla mchungaji hajaisoma meseji. Miezi minne ya namna hiyo, hata malaika hawezi kukupa hesabu ya kichwani. Basi akisema "mimi na Mungu tunajua", yumkini ni Mungu peke yake anayejua.

Kuna jambo hukulitaja, nasi tunalishuku. Mchungaji wenu analipwa nini? Kwenu huko masika yakiingia hoteli kadhaa hufunga, vijana hupewa likizo bila malipo, kapu la sadaka likarudi jepesi, na cha kwanza kukatwa huwa posho ya mchungaji. Hakuna kikao kinachoandika kwamba imekatwa, haitolewi tu. Mtu asiyelipwa Aprili, Mei na Juni, naye ana fedha ya paa kwenye simu ile ile anayonunulia unga, huanza na neno "nitarudisha". Kabla hujaenda kwake, fungua daftari uangalie amelipwa lini mara ya mwisho na ni kiasi gani. Ikiwa kanisa linadaiwa posho ya miezi mitatu, hilo ni deni kama la dukani, na mtendakazi astahili ujira wake (1 Timotheo 5:18). Ulitaje wewe kabla hajalitaja yeye. Halimpi haki ya kujilipa kwa mkono wake, maana aliyetoa 20,000 ya bati alitoa ya bati, lakini utaingia kwake kama mtu anayeleta hesabu nzima, na ya upande wake imo.

Mfano wa kuufuata upo kwenye 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha, kila mmoja kwa mtu anayemjua, watengeneze mabomoko ya nyumba ya Bwana. Mwaka wa 23 wa utawala wake mabomoko yalikuwa vile vile. Mfalme aliwauliza mbona hawatengenezi. Hakumwita kuhani yeyote mwizi, wala hatusomi kwamba alimfukuza mtu. Kilichobadilishwa ni njia inayopita fedha. Makuhani walikubali wasipokee tena mkononi. Kuhani Yehoyada akatoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha akaliweka karibu na madhabahu, watu wote wanaona. Fedha ilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme alipanda pamoja na kuhani mkuu, wakahesabu wawili, wakafunga mifukoni, ikatoka kwenda kwa maseremala na waashi. Huenda mchungaji akakutajia mstari wa 15 wa sura hiyo hiyo, kwamba waliowalipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Mkubalie. Kisha muonyeshe kwamba fedha ile ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na watu wawili wa ofisi mbili kabla ya kuwafikia.

Basi ushauri wetu ni huo: badilisheni kwanza njia ya fedha. Habari za mtu zitajulikana zenyewe njia ikinyooka.

Nenda peke yako, kama Mathayo 18:15 inavyotaka, Jumatatu jioni au Jumanne. Usimwendee Jumamosi usiku akiandaa mahubiri, wala Jumapili baada ya ibada watu wakichungulia dirishani. Usiandike kwenye WhatsApp. Meseji ya hesabu husambaa na sauti yako ya upole haisambai nayo. Na mstari wa Yuda na mfuko wa fedha uuache nyumbani. Ukiutaja huo, umeshamhukumu.

Baada ya salamu sema hivi, au karibu na hivi: "Baba mchungaji, duka wamenidai njiani, na mimi ndiye mwenye daftari. Naomba tukae tuoanishe kabla ya kikao cha kamati, ili tukiulizwa tujibu neno moja. Na katika daftari naona kanisa halijakulipa tangu Aprili, hilo nalo nimelileta." Halafu nyamaza. Maswali yako ni matatu: iliyopo sasa kwenye simu na mkononi ni kiasi gani, ipi imetumika kwa jambo jingine, na kuna duka au fundi mwingine aliyeahidiwa ambaye wewe humjui? Hilo la mwisho usilisahau. Deni la pili huwa limejificha nyuma ya la kwanza.

Akikubali, ombeni taarifa ya miamala ya laini yake tangu mchango ulipoanza. Mwenye laini hupewa na kampuni yake ya simu, na ni yeye wa kuiomba. Kaeni nayo na kalamu mbili, msitari kwa msitari: wino mmoja kwa fedha ya kanisa, wa pili kwa ya nyumbani kwake. Ni kazi ya saa mbili au tatu, na inachosha, hivyo msiifanye mkiwa na njaa. Mwisho mtapata namba moja iliyopungua. Namba hiyo iende kwenye kamati, nayo iamue na kuandika kwenye muhtasari: kiasi fulani kihesabiwe posho iliyocheleweshwa ya miezi fulani, kiasi fulani kirudishwe kidogo kidogo, kwa tarehe. Na kiasi kilichohesabiwa posho, mfuko mkuu uurudishie mfuko wa paa; usiache fedha ya bati igeuke mshahara kimyakimya. Ninyi wawili msisameheane deni la kanisa sebuleni. Si lenu.

Akikataa, mpe wiki mbili, kisha rudi na wazee wawili wenye busara. Yule anayetaka kujitoa asiwe mmojawapo. Paulo anamwonya Timotheo asipokee mashitaka juu ya mzee ila kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu (1 Timotheo 5:19), na onyo hilo linawalinda wote, mchungaji na wewe. Ikishindikana hapo, ni kamati nzima, na baada yake kiongozi wa juu wa dhehebu lenu kwa barua ya ukurasa mmoja yenye namba na tarehe tu, bila neno "mwizi", bila tetesi. Weka nakala ya daftari na ya barua. Ikithibitika kwa hesabu kwamba fedha imeibwa na mtu hataki kurudisha, kunyamaza eti tusiaibishe jina la Bwana hakuna faida. Mwenye duka anajua tayari.

Huku hayo yakiendelea, Jumapili ijayo msihesabu tena kwa njia ya zamani. Mchungaji na mkewe watoke kwenye kuhesabu, kwa usalama wao wenyewe. Wahesabu wawe wawili wasio ndugu wala mume na mke, na mmoja atoke umoja wa akina mama, maana ndio wanaotoa kwa uaminifu na ndio wasiokaa mezani. Luka 8:3 inamtaja Yoana mkewe Kuza, wakili wa Herode, miongoni mwa wanawake waliomhudumia Yesu kwa mali zao. Mke wa wakili hakosi kujua hesabu. Hesabuni mezani, humo humo kanisani, kabla kapu halijavuka mlango. Bahasha za zaka zifunguliwe kwanza, kila moja iandikwe kiasi juu yake kabla noti hazijachanganywa. Kisha noti za 10,000, 5,000, 2,000 na 1,000 kila moja na fungu lake, halafu sarafu. Kila mmoja ahesabu peke yake. Jumla zikipishana hata kwa shilingi 50, rudieni. Andikeni kwenye daftari la nakala lenye kaboni, wahesabu wote wawili na wewe mpokeaji mtie saini. Nakala moja ibaki kitabuni, moja kwa katibu. Jumatatu fedha iende benki au kwa wakala, yote kama ilivyo. Usilipie nauli ya fundi kutoka kwenye kapu ukaandika kilichobaki; hapo ndipo daftari nyingi hufia. Ya matumizi madogo itoe benki, isizidi 50,000, na isijazwe tena mpaka risiti za ile ya kwanza zionekane.

Pahali panapoharibika tunapajua. Wiki ya tatu mhesabu mmoja yuko zamu hotelini, mwenzake anahesabu peke yake "leo tu", na yule wa zamu anatia saini Jumatano bila kuona noti. Kwa watu wa hoteli wawili hawatoshi. Teueni sita, pangeni zamu kwa mwezi kwa kufuata ratiba zao za kazi. Na mtu asitie saini karatasi tupu, awe na haraka ya namna gani.

Akaunti iwe kwa jina la kanisa. Benki zitataka muhtasari wa kikao kilichochagua watia saini, barua ya utambulisho au cheti cha usajili kutoka makao makuu ya dhehebu, na vitambulisho na picha za watia saini. Wawe watatu, wawili wakitosha kutoa. Sisi tungependa mchungaji asiwemo. Kama katiba yenu inamtaka awemo, asiweze kutoa peke yake. Kisha muombe lipa namba ya kanisa, iandikwe ubaoni kwa rangi, na mchungaji mwenyewe aitangaze madhabahuni. Ikitangazwa na wewe itasikika kama mapinduzi. Walioko bara watazidi kutuma kwa namba ya zamani miezi kadhaa. Ikiingia, aihamishe yote siku ile ile, makato yalipwe na kanisa, na wewe uandike namba ya muamala.

Kila mwezi bandika ukutani karatasi moja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, madeni. Majina ya watoaji na viwango vyao usiyabandike. Yule mama wa 500 atakoma kuja.

Swali lako kubwa lilikuwa la fedha, lakini chini yake kuna la ushirika. Kwenu mtu mmoja anapokea, anatunza, anaidhinisha na kununua, nawe umefanywa kalamu yake. Yethro alipomwona mkwewe Musa ameketi peke yake tangu asubuhi hadi jioni alimwambia waziwazi kwamba jambo afanyalo si jema, atadhoofika yeye na watu wake (Kutoka 18). Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi, na sifa mojawapo ikawa wachukie mapato ya udhalimu. Kanisa la watu sitini linahitaji makumi tu. Kamati iidhinishe, wewe utunze na kulipa, mtu wa ujenzi anunue na kuleta risiti, katibu aandike. Mchungaji ajue jumla zote na asiguse noti. Aende akawaombee wagonjwa mjini, kazi ambayo kwa maelezo yako anaifanya vizuri. Nauli yake ya daladala iwe kwenye bajeti.

Ya fundi nayo, kwa kuwa paa ndilo lililoleta haya. Ameshachukua 300,000, zinazofuata alipwe kenchi zikisimama na kukaguliwa, na fungu la mwisho baada ya mvua ya kwanza kubwa. Mtu wa ujenzi awepo bati zikipigwa. Pale Mkunazini, mjini Unguja, kanisa lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa, watembeza wageni huonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, na husimuliwa kwamba Askofu Edward Steere alikuwa safarini mafundi walipozisimika. Nguzo iliyopinduka hushika hivyo hivyo. Bati halina msamaha huo: lianze ukingoni chini lipande hadi kofia, la juu lilalie la chini, na kwa pwani yenu maungio ya ubavuni yaupe mgongo upepo wa kusi. La sivyo mtachanga tena.

Mzee anayetaka kuanzisha ibada kwake mwambie asubiri hesabu ikamilike. Paulo na Barnaba walitengana kwa ugomvi mkali juu ya Marko (Matendo 15), na kazi ikaendelea kwa njia mbili, kwa hiyo kutengana si mwisho wa dunia. Ila muulize jambo moja: huko nyumbani kwake, sadaka itatumwa kwenye simu ya nani?

Kuhusu kuacha uhazini, usiache sasa. Mhazini anayejiuzulu hesabu haijaoana huondoka na lawama na kuliacha daftari kwa mtu asiyejua lilikoanzia. Mwombe mama watoto miezi mitatu.

Ya dukani isisubiri lolote kati ya haya. Nenda kesho au keshokutwa na mzee mmoja, asubuhi kabla ya joto la wateja. Kama ni Ijumaa, usiende karibu na adhuhuri. Kiri deni kwa maandishi: mabati 20, shilingi 680,000, jina la kanisa, saini zenu wawili, tarehe. Usimweleze habari za mchungaji, hata akiuliza. Mpe chochote mkononi kilichoidhinishwa na kamati, hata 100,000, taja tarehe ya fungu linalofuata, na uwe umefika dukani siku hiyo kabla hajakutafuta. Risiti atakayokupa ibandike kwenye daftari, ukurasa ule ule wa mabati 20.